Masi

Nikiwasha kiashiria cha kushoto, honi inalia.
Nikikanyaga breki, redio inanyamaza
kama mtoto aliyesikia viatu vya baba mlangoni.
Na usiku ule wa mvua, karibu na daraja la mto Lubumbashi,
taa zote mbili zikafumba macho pamoja.
Mimi, magunia manne ya makala na mama mkwe
tukaingia gizani kwa mwendo wa arobaini,
mama mkwe akiita watakatifu, mmoja mmoja,
hadi akafika kwa wale nisiowajua.

Yalianza Machi, wiki moja baada ya sevisi.
Basi nikarudi kwenye nyumba ya vioo, barabara ya Kasapa,
pale wanapouza magari yanayonuka plastiki mpya
na kukupa kahawa ya kikombe kisichoingia kidole.
Kijana wa mapokezi, tai imemkaba, akaandika: Tatizo la umeme.
Siku tisa.
Wakanirudishia na betri mpya, dola mia na arobaini,
na gari limeoshwa hadi chini ya mbawa.
Nikafika Posta, nikakata kushoto.
Honi.
Polisi aliyesimama pale akadhani ninamtukana.

Mara ya pili wakabadilisha altaneta.
Ya tatu wakachomeka kompyuta yenye mkia mrefu mweusi.
Kompyuta ikafikiri, ikafikiri, ikasema: Hakuna kosa.
Bwana Kabulo, mkuu wa karakana, akanigeuzia nisome mwenyewe.
"Mashine haidanganyi. Labda ni namna unavyoendesha."
Miaka ishirini na mitatu niko kwenye usukani!
Nikalipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke.
Kuna watu wakivaa koti jeupe
mkono wako unakwenda mfukoni wenyewe.

Mke wangu ndiye aliyesema: Nenda kwa Mbuyu.
Mbuyu yuko Katuba, nyuma ya kinu cha unga.
Hana vioo, hana kahawa. Ana kiti cha basi lililokufa,
balbu ndogo iliyofungwa kwenye nyaya mbili,
na kitenge amekikaza juu ya suruali ya kazi.
"Usiniambie walichobadilisha," akasema.
"Niambie linavyoumwa."
Nikamweleza: honi, redio, taa, watakatifu.
Akacheka kwenye watakatifu tu.

Akainama juu ya injini, balbu yake ikinusa huku na huku,
hapa ikiwaka, pale ikikonyeza,
na pale kabisa, karibu na bawa la kushoto, ikigoma.
"Masi," akasema. "Gari lako halishiki masi.
Umeme unatoka vizuri, ila njia ya kurudi nyumbani imezibwa.
Sasa unapita uani kwa majirani.
Unabisha kwa honi, unabisha kwa redio,
unaamsha kila mtu usiku."

Akafungua bolti moja, ya namba kumi.
Chini yake, rangi.
Rangi safi, ya gari lenyewe, imepakwa kwa upendo.
Siku ile ya sevisi waliona kutu hapo, wakaona aibu,
wakaipaka, wakakaza bolti juu yake,
na waya wa shaba, pengine shaba ya hapahapa kwetu
iliyozunguka dunia ikarudi imevaa plastiki,
ukabaki umeegemea pambo.

Mbuyu akakwangua kwa msasa mahali pa ukubwa wa ukucha
mpaka chuma kikatoka uchi.
Akapuliza. Akakaza.
Nikawasha kushoto: tik, tik, tik.
Nikasubiri honi. Tik, tik.
"Faranga elfu kumi na tano," akasema,
tayari anamwangalia mwenye pikipiki aliyefuata.

Risiti za nyumba ya vioo ninazo, kurasa sita, zina mihuri.
Mama mkwe bado haamini.
Tukikaribia daraja usiku anaanza na Petro,
na taa zinashika barabara, nyeupe, hadi ng'ambo,
tunavuka kabla hajafika kwa Yakobo.